Kuagiza si Kufika: Kuendesha Mota ya Hatua kwa Kompyuta na Kuhakikisha Imefika

Tuchukulie fundi seremala amepata oda ya kuchonga kibao cha shule. Ameufunga ubao wa mahogani kwenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, akaandika jina la shule na kubonyeza kitufe. Herufi nne za kwanza zinatoka safi. Kwenye herufi ya tano kisu kinakutana na kifundo kigumu cha mti. Mota inakwama kufumba na kufumbua, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia hapo kila herufi imesogea upande. Kwenye skrini, kompyuta inaonyesha kwamba kazi imekamilika asilimia 100.

Ubao umeharibika, mteja anasubiri, na fundi hajui amlaumu nani. Kompyuta haikukosea kutoa amri na mota haikuungua. Kilichokosekana ni kitu cha kurudisha habari kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta, kuieleza kwamba ulichoagiza sicho kilichotendeka.

Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kuziba pengo hilo kwa kifaa kinachoitwa enkoda. Limeandikwa kwa wanafunzi wa vyuo vya mafunzo ya ufundi, kwa mafundi wa jua kali na kwa mkazi yeyote anayetaka kutengeneza au kukarabati mashine ndogo. Ukijua kuwasha taa ndogo kwa bodi ya Arduino, unaweza kulifuata hadi mwisho.

Mota ya hatua hufanya kazi vipi

Mota ya kawaida ukiipa umeme huzunguka mfululizo mpaka uikate. Mota ya hatua, ambayo mafundi wengi huiita stepa, husogea kipande kimoja kwa wakati mmoja. Ndani yake mna koili zinazowashwa kwa zamu, na katikati mna rota yenye sumaku na meno madogo. Kila koili inapowashwa, rota huvutwa hadi kituo kinachofuata na kushikiliwa hapo.

Mota inayotumika sana katika mashine ndogo za kuchonga na printa za 3D ni ile inayoitwa NEMA 17, yenye uso wa mraba wa takriban milimita 42. Nyingi kati ya hizo husogea nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Gawanya nyuzi 360 kwa 1.8 utapata hatua 200 kwa mzunguko mmoja.

Mota haiunganishwi moja kwa moja na kompyuta wala na Arduino, kwa kuwa vifaa hivyo haviwezi kutoa umeme wa kutosha. Katikati huwekwa draiva ya mota, kwa mfano A4988. Draiva hiyo ina pini iliyoandikwa STEP na nyingine iliyoandikwa DIR. Kila mpigo wa umeme unaoingia STEP huisogeza mota mara moja. DIR huamua mwelekeo. Draiva pia inaweza kuigawa kila hatua vipande 16 ili mota iende kwa ulaini. Ukiiweka hivyo, mzunguko mmoja unahitaji mipigo 200 × 16, yaani 3,200.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kompyuta huhesabu mipigo iliyotumwa. Haihesabu mizunguko iliyotokea. Mota ikizidiwa na mzigo, mipigo inaendelea kupita na hesabu inaendelea kupanda, ilhali shafti imesimama.

Enkoda ni nini

Enkoda ni kifaa kinachofungwa kwenye shafti ili kuhesabu mzunguko wenyewe. Ndani yake mna kisahani chenye mistari mingi myembamba, taa ndogo upande mmoja na jicho la kupokea mwanga upande wa pili. Kila mstari unapopita, mwanga hukatwa na kurudi.

Ukitaka kuuona mfano wake, fungua printa ya wino iliyokufa. Nyingi zina utepe mwembamba wa plastiki unaopita mbele ya kichwa cha kuchapia. Ukiutazama kwa makini utaona mistari midogo midogo. Huo ndio unaoiambia printa kichwa kiko wapi.

Enkoda ya shafti ina waya mbili za habari, A na B, ambazo hazibadiliki kwa wakati mmoja. Moja hutangulia nyingine. Ikitangulia A, shafti inazunguka upande mmoja. Ikitangulia B, inazunguka upande wa pili. Kwa hiyo bodi hujua umbali na mwelekeo pia.

Enkoda inayopatikana kwa wingi ina mistari 600. Ukihesabu kila badiliko la A na kila badiliko la B, mstari mmoja hutoa alama nne. Hivyo mzunguko mmoja ni alama 2,400.

Hesabu tutakayotumia

Tuseme mota inazungusha skrubu ndefu inayosogeza meza ya mashine milimita 8 kwa kila mzunguko. Tunapata hivi:

- Mipigo 3,200 ÷ milimita 8 = mipigo 400 kwa milimita.
- Alama 2,400 ÷ milimita 8 = alama 300 kwa milimita.
- Hatua moja kamili ya mota = mipigo 16 = alama 12.
- Kila mipigo 4 inapaswa kuleta alama 3.

Mstari wa mwisho ndio moyo wa somo hili. Ukituma mipigo 4,000, enkoda inapaswa kurudisha alama 3,000. Ikirudisha pungufu, kuna jambo limetokea.

Tena, ukubwa wa pengo hueleza ni jambo gani. Rota ya mota hii ina meno 50, na mpangilio wa koili hujirudia kila baada ya hatua nne. Kwa hiyo mota ikiteleza haipotezi hatua moja wala mbili. Hupoteza nne, au nane, au kumi na mbili. Hatua nne ni alama 48. Ukiona tofauti ya 48, 96 au 144, jua kwamba mota imeteleza. Ukiona tofauti ndogo ya alama 5 au 8, mota haijateleza. Imesukumwa kidogo na mzigo, na mzigo ukiondoka itarudi mahali pake.

Mtelezo mmoja wa alama 48 ni milimita 0.16 tu kwenye skrubu yetu. Jicho haliuoni. Lakini haba na haba hujaza kibaba: mitelezo kumi ni milimita 1.6, na herufi iliyosogea kiasi hicho kila mtu ataiona.

Nani afanye nini

Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuipa kompyuta kazi isiyoiweza. Kompyuta ina nguvu lakini ina shughuli nyingi: inasogeza kipanya, inapakua masasisho, inaonyesha skrini. Haiwezi kuahidi kutoa mpigo kila baada ya muda uleule bila kuchelewa. Mpigo mmoja ukichelewa na unaofuata ukiwahi, mota hutikisika na kuteleza. Kwa hiyo tugawe kazi.

Kompyuta huamua meza iende wapi, hupokea majibu, hulinganisha na kuandika kumbukumbu. Bodi ya Arduino hutoa mipigo kwa wakati wake na kuhesabu alama za enkoda. Draiva hubeba umeme mzito wa mota.

Kompyuta na bodi huzungumza kupitia kebo ya USB kwa ujumbe mfupi. Unaweza kutunga lugha yako mwenyewe. Katika somo hili tutumie herufi tatu: N kwa nenda, W kwa wapi na S kwa simama. Kompyuta ikituma N 4000, bodi husogeza mota kwa mipigo 4,000, kisha hujibu kwa namba mbili: mipigo iliyotumwa na alama zilizosomwa. Jibu zuri ni 4000 3000.

Kuunganisha waya

1. Zima umeme wote. Usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme. Kosa hilo huiua draiva papo hapo.
2. Ipe mota umeme wake wenyewe, volti 12 au 24. Umeme wa USB hautoshi. Karibu na draiva weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi ya umeme wa mota, na uhakikishe volti iliyoandikwa kwenye kapasita inazidi ile ya umeme unaotumia.
3. Soma lebo ya mota kujua ampea zake, kisha rekebisha skrubu ndogo iliyo juu ya draiva ili usizidishe. A4988 ikipitisha zaidi ya takriban ampea 1 kwa koili, ibandike kipande cha chuma cha kupoza joto.
4. Unganisha A na B za enkoda kwenye pini 2 na 3 za Arduino Uno. Hizo ndizo pini zenye uwezo wa kuikatiza bodi: mstari ukipita, bodi huacha kwa muda mfupi inachofanya, huandika alama, kisha huendelea. Enkoda nyingi za bei nafuu hazitoi volti zenyewe kwenye A na B, kwa hiyo washa rezista za ndani za pini hizo kwenye programu.
5. Waya za hasi za bodi, draiva na enkoda ziunganishwe pamoja.
6. Weka kitufe cha dharura kinachokata umeme wa mota moja kwa moja. Usitegemee programu kukiokoa kidole cha mtu.

Mahali pa kufunga enkoda pana maana kubwa. Ukiifunga nyuma ya mota, itaona mota ikiteleza, lakini haitaona kiunganishi kati ya mota na skrubu kikilegea. Ukiifunga mwisho wa skrubu, itaona yote mawili. Ukiweza, chagua mwisho wa skrubu.

Jaribio la kwanza: kwa mkono

Kabla ya kuendesha chochote, zungusha shafti kwa mkono mzunguko mmoja kamili, mota ikiwa haina umeme. Tuma W. Bodi inapaswa kujibu karibu 2,400, au −2,400 upande wa pili. Ukipata 600 au 1,200, programu yako haihesabu mabadiliko yote ya A na B.

Kisha washa umeme wa mota na utume N 400. Meza inapaswa kusogea milimita moja na alama kupanda hadi 300 hivi. Zikishuka badala ya kupanda, badilishana waya A na B. Usilipuuze jambo hili. Enkoda ikisoma kinyume, programu ya kusahihisha itaona kosa, itasogeza mota upande usiofaa, itaona kosa limeongezeka, na itazidi kusogeza hadi meza igonge ukingo.

Programu ya bodi na ya kompyuta

Kwenye bodi, namba za mipigo na alama ziwekwe katika nafasi ya biti 32. Nafasi ya kawaida ya Arduino Uno ni biti 16, na mwisho wake ni 32,767. Kwa alama 2,400 kwa mzunguko, nafasi hiyo hujaa baada ya mizunguko 13 na kidogo, na namba hurukia hasi. Vivyo hivyo ukiagiza mipigo 40,000 kwenye nafasi ndogo, bodi itaielewa kuwa −25,536 na meza itarudi nyuma. Wengi wamebadilisha draiva nzima wakitafuta hitilafu ambayo ilikuwa neno moja kwenye programu.

Jambo la pili: unaposoma hesabu ya alama, sitisha kwanza ule uwezo wa kukatiza, nakili namba, kisha uurudishe. Bodi husoma namba ya biti 32 kwa vipande vinne. Alama ikiingia katikati ya usomaji, utapata namba iliyochanganyika.

Jambo la tatu: anza polepole, ongeza kasi taratibu, na upunguze kabla ya kufika. Mota ikiamriwa kuruka kutoka sifuri hadi kasi kubwa huteleza hata bila mzigo. Maktaba ya AccelStepper hufanya kazi hiyo vizuri, na kwenye Uno hutegemewa hadi mipigo 4,000 hivi kwa sekunde. Mzunguko mmoja kwa sekunde, yaani mipigo 3,200, uko ndani ya mpaka huo.

Kwenye kompyuta, lugha ya Python na maktaba ya pySerial zinatosha. Kumbuka kwamba kufungua mawasiliano na Arduino Uno huiwasha bodi upya. Subiri sekunde mbili kabla ya kutuma amri ya kwanza, la sivyo itapotea. Pia weka muda wa mwisho wa kungoja jibu. Bodi isipojibu, programu isimame na kusema hivyo badala ya kungoja milele.

Kulinganisha ni rahisi: zidisha mipigo kwa 3, zidisha alama kwa 4, toa moja kutoka kwa nyingine, kisha gawanya kwa 4. Utakachopata ni tofauti katika alama. Namba zikibaki nzima hadi mwisho, hutasumbuliwa na desimali.

Kosa likionekana, ufanye nini

Usiharakishe kusahihisha. Weka ngazi tatu:

- Tofauti isiyozidi alama 4: endelea. Hiyo ni kama milimita 0.013, na hakuna mota iliyo kamilifu kupita hapo.
- Alama 5 hadi 24: mota inalemewa. Punguza kasi. Ikiwa meza imeshasimama, tuma mipigo ya ziada kulingana na pengo, lakini usijaribu zaidi ya mara tatu.
- Zaidi ya alama 24: simama. Hizo ni hatua mbili kamili, na rota ikishachelewa kupita hapo, sumaku huivuta kwenda kituo kisicho chake. Inua kisu, onyesha ujumbe kwenye skrini na umngoje mtu.

Linganisho hili lifanyike kwenye bodi wakati wa mwendo, mara nyingi kwa sekunde. Ukingoja hadi mwisho wa safari ndipo uulize, utajua ubao umeharibika lakini hutauokoa.

Kwa nini tusisahihishe kimyakimya hata kosa kubwa? Kwa sababu mota iliyoteleza ina sababu ya kuteleza. Huenda kisu ni butu, skrubu imejaa vumbi la mbao, ubao umelegea, au mkono wa mtu umenaswa. Programu inayozidi kusukuma bila kuuliza huficha ufa mpaka uwe ukuta wa kujenga upya. Na ikiwa mipigo inatumwa lakini alama hazibadiliki hata moja, ama mashine imekwama kabisa au waya wa enkoda umekatika. Kwa vyovyote vile, simama.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Kila safari ya meza, kompyuta iandike kwenye faili saa, mipigo iliyoagizwa, alama zilizosomwa na tofauti. Tofauti ikianza kukua siku baada ya siku, umepewa onyo la kutia mafuta au kukaza kiunganishi kabla ya oda ya mteja kuharibika. Umeme ukikatika, hata hivyo, enkoda ya aina hii husahau ilipokuwa. Weka swichi ndogo mwanzoni mwa meza, na kila unapowasha mashine uirudishe hapo kwanza ili hesabu ianze sifuri.

Maswali ya kujipima

1. Unataka meza isogee milimita 25. Ni mipigo mingapi, na unatarajia alama ngapi?
2. Baada ya safari hiyo enkoda inasoma 7,404. Nini kimetokea, na meza imepungukiwa na umbali gani?
3. Ukibadilisha skrubu na kuweka inayosogeza milimita 2 kwa mzunguko, utahitaji mipigo mingapi kwa milimita moja?

Majibu: (1) Mipigo 10,000 na alama 7,500. (2) Tofauti ni alama 96. Mota imeteleza mara mbili, na meza imepungukiwa na milimita 0.32. (3) Mipigo 1,600.

Kwa mkazi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Vyuo hivyo ni vyako. Ukiwa na swali kuhusu somo hili, tembelea chuo kilicho karibu nawe uzungumze na mkufunzi wa umeme au wa kompyuta, na ukiwa na printa iliyokufa nyumbani, ibebe. Mashine za kisasa zinazidi kuingia katika karakana zetu. Zikiharibika, fundi anayejua kusoma tofauti ya alama 48 hatahitaji kumngoja mtaalamu kutoka mbali. Na mteja akimuuliza kama kazi imekamilika, hatamwonyesha skrini tu. Atampimia ubao wenyewe.